Mama, umeme si wa shetani: Waamishi na tamthilia za televisheni

Juzi nimempokea mama mmoja wa dhehebu la Kimennonite kutoka Musoma. Hatujatoka hata Lancaster mjini, huku Pennsylvania, Marekani, ameshauliza: "Mwanangu, hawa Waamishi ndio wanaosema umeme ni wa shetani?" Ameona kwenye tamthilia: shambani, baba mwenye ndevu, mtoto anachapwa kwa kukutwa na redio. Jamani!

Kila wiki nawaendesha kwa gari langu hawa Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, sijamsikia hata mmoja akisema hivyo. Wangekuwa hivyo, mimi ningekula wapi? Kupanda gari wanaruhusiwa, kulimiliki ndiyo mwiko. Mwenye gari anasali anakotaka, anafanya kazi anakotaka, siku ghala la jirani likiungua hayupo. Wazee hupima kila kitu hivyo, kitawaacha pamoja au kitawatawanya.

Waya wa umeme waliukataa kwa sababu unaingiza dunia nzima sebuleni. Lakini ingia karakana ya seremala wao. Nje dizeli inanguruma, ndani bomba la hewa limepita ukutani, na misumeno inazunguka kwa hewa ya kompresa. Maziwa nayo yanapozwa kwa nguvu ya dizeli. Simu ipo, ila kibandani, mbali na nyumba. Ikiita wakati wa chakula haimsumbui mtu. Na kila usharika, familia kama 20 hadi 40, una Ordnung yake, yaani kanuni za maisha, hupitiwa mara mbili kwa mwaka kabla ya Meza ya Bwana. Ukiniambia "Waamishi hawaruhusiwi", nitakuuliza wa usharika gani.

Eti hawalipi kodi! Wanalipa ya mapato, ya ardhi, ya mauzo. Mwaka 1965 waliojiajiri walisamehewa mchango wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa wazee wao wanawatunza wenyewe.

Eti kijana akifika miaka 16 anafukuzwa akaonje mjini. Uongo wa televisheni. Wengi wakati wa Rumspringa, kipindi cha ujana kabla ya ubatizo, wanalala kwao, na wengi mno hatimaye hubatizwa. Anayetengwa ni aliyebatizwa kisha akavunja kiapo. Aliyeondoka kabla ya ubatizo hatengwi.

Na Waamishi si Wamennonite, mama. Jakob Ammann alijitenga na wenzake mwaka 1693. Wamisionari waliofika Shirati, kwetu Tanzania, mwaka 1934 ni Wamennonite wa huku Lancaster.

Simu ya kupigia picha iache mkobani. Gari la farasi likipita, punga mkono tu, watakupungia.