NGO ni ya nani? Dhana potofu tunazozisikia kila siku, na ukweli wake

Nimeshika vitabu vya hesabu vya asasi ndogo wilayani kwa miaka saba, na swali nililoulizwa kuliko yote halihusu hesabu. "Hivi hii NGO ni ya nani?" Huuliza mama kwenye mkutano wa kijiji, huuliza mwenye gesti, huuliza kijana wa bodaboda kabla hata hatujafika njia panda. Anayeuliza anasubiri atajiwe jina la mtu. Naandika kwa sababu majibu yanayozunguka mitaani yanatuumiza: yanamfanya mwananchi aione asasi kama duka la mtu, na duka la mtu hakuna anayelidai hesabu.

Nazungumzia Tanzania Bara, inakotumika Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002. Zanzibar wana sheria yao na msajili wao.

"Kila NGO ina mwenyewe"

Haina. Ina waanzilishi, ina wanachama, ina bodi, ina mkurugenzi aliyeajiriwa. Mwenye hisa hayupo. Sheria inaitambua kuwa ni kundi la hiari, lililoundwa kwa manufaa ya jamii, lisilofungamana na chama cha siasa na lisilogawana faida. Neno la kulishika hapo ni kugawana. Asasi inaweza kuuza asali, inaweza kukodisha ukumbi wake, inaweza kufunga mwaka ikiwa na akiba benki. Kisichoruhusiwa ni ile ziada kuingia mfukoni kwa mwanachama. Inarudi kwenye kazi. Hata siku asasi ikifungwa, katiba nyingi zinaelekeza mali iliyobaki ikabidhiwe asasi nyingine yenye malengo yanayofanana. Watoto wa mwanzilishi hawairithi.

Najua kwa nini dhana hii imeota mizizi. Watu wana macho. Wanaliona gari lenye nembo ya mradi likibeba magunia ya mahindi ya mkurugenzi siku ya Jumapili. Wanajua kwamba mwenyekiti ni mume, mweka hazina ni mke, katibu ni shemeji. Hayo yapo na sitayaficha. Lakini huo ni uvunjaji wa dhamana, na anayesema "si ni yake, mwache" anampa mvunjaji ruhusa. Anayesema "hii si yako, tuoneshe vitabu" ndiye aliyesimama upande wa sheria.

Na sheria imempa pa kushika. Kila mwaka asasi inatakiwa kuandaa taarifa ya kazi zake, na taarifa hiyo ipatikane kwa wananchi pia, sio kwa Msajili wa NGO na wafadhili peke yao. Kuna na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza kwamba asasi inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 itangaze hadharani, na mkataba wa fedha hizo upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Wengi tulizilalamikia kanuni hizo, na mpaka leo naona si haki asasi yenye watumishi watatu kubebeshwa makaratasi sawa na shirika la kimataifa. Ila kuwatangazia wananchi kiasi kilichoingia kwa jina lao, hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ukitaka kuanza kuuliza, usisubiri kwenda Dodoma. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako ndiye msajili msaidizi, na mlango wake uko karibu.

"Haitafuti faida, basi wafanye kazi bure"

Nenda CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, hospitali iliyoanzishwa na shirika lisilo la faida miaka ya 1990. Mama amekuja na mtoto mwenye mguu kifundo, uliopinda tangu kuzaliwa. Anayeufunga ule mguu plasta, wiki baada ya wiki, mpaka unyooke, ni mtaalamu aliyesomea. Ana kodi ya nyumba, ana ada za watoto. Kujitolea kuna nafasi yake, na wajumbe wengi wa bodi za asasi ndogo hawalipwi mshahara. Lakini kazi ya kila siku inahitaji mtu aliyeajiriwa, mwenye mkataba, anayechangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara wake kati yake na mwajiri, na anayekatwa kodi mshahara ukivuka shilingi 270,000 kwa mwezi. Kama mtumishi mwingine yeyote.

Mimi ningeomba hasira ihamie kwenye posho za semina. Hapo ndipo fedha zetu zinapovujia, na sote tumeshiriki: asasi, wafadhili, serikali, na wananchi wenyewe. Nimekaa mezani saa kumi jioni nikiwa na bahasha 28 na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 32. Wanne hawakuonekana ukumbini tangu chai ya asubuhi. Ukiwakatalia, semina ijayo ukumbi unabaki viti vitupu. Ukiwalipa, umeiba kwa niaba yao. Siku ile tuliwakatalia, na ilituchukua karibu mwaka kuzoeana tena na kata ile.

"NGO hazilipi kodi"

Cheti cha usajili hakikupi msamaha. Anayetaka kutambuliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, kama taasisi ya hisani anaomba kwa Kamishna, na anatakiwa aoneshe kwamba kazi yake ni kuondoa umaskini au dhiki ya watu, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jumla kama afya, maji na barabara. Asasi nyingi nzuri hazina hadhi hiyo. Na hata aliye nayo anakata kodi ya mishahara ya watumishi, anazuia asilimia 10 ya pango la ofisi na kuipeleka TRA. Akinunua saruji dukani, VAT imo ndani ya bei kama kwako na kwangu.

"Kikundi chetu kina cheti, kwa hiyo ni NGO"

Hapa wanaochanganya ni wengi, hata waliosoma. VICOBA ni kikundi cha kuweka na kukopa, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya aina hiyo vina usajili wao. Ushirika una sheria yake. Kanisa, msikiti na vyama vya kijamii vinasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini zinasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Zamani asasi nyingi zilijisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni zisizo na hisa, na zikafanya kazi hivyo kwa miaka. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yakazitaka zihamie kwa Msajili wa NGO, na muda uliotolewa ulikuwa mfupi mno. Nakumbuka foleni, nakumbuka katiba zikichapwa upya usiku.

Kuchanganya huku kuna hasara ya wazi. Kina mama wanakuja ofisini kwetu kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sisi hatuutoi na hatuwezi kuukopa. Ni wa vikundi vyao wenyewe, na pa kuulizia ni halmashauri.

Na cheti chenyewe si cha milele. Tangu 2019 kinadumu miaka 10, kisha unahuisha.

"Fedha zote ni za Wazungu"

Fedha nyingi za miradi mikubwa kweli zinatoka nje. Lakini hisani ya nchi hii haikuletwa na ndege. African Association, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1929 na baadaye ikawa Tanganyika African Association, TAA, mama wa TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa chama cha watu waliojichangisha. Watu wa pwani wanajua wakfu: nyumba inayoachwa ili kodi yake ihudumie msikiti na mayatima, vizazi na vizazi. Asasi ya WAMATA ilianza mwaka 1989 kukaa karibu na wagonjwa wa UKIMWI na familia zao, wakati majirani wengine wakiogopa hata kugusa kikombe, na fedha kubwa za Marekani za kupambana na UKIMWI, PEPFAR, zilikuja kutangazwa mwaka 2003. Hebu hesabu ulichotoa mwaka huu kwenye misiba, matibabu na madawati. Tunatoa sana. Tatizo ni kwamba tunamtolea mtu tunayemjua, na asasi tunaiona kama mgeni aliyekuja na chake.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Nilishuhudia watu waliozoea kuwafuatilia wagonjwa majumbani wakirudisha pikipiki na funguo ndani ya wiki moja. Waliobaki wakifanya kazi siku zilizofuata ni wale ambao kijiji kilikuwa kinawachangia chochote, hata kama ni debe la mahindi na chumba cha kulala. Sisemi debe la mahindi linanunua dawa. Nasema asasi iliyo na mkono wa wenyeji ndani yake haikatiki kwa siku moja.

"Zikigusa sheria au haki, zimeingia siasa"

Kinachokatazwa ni kufanya kazi ya chama cha siasa. Sheria yenyewe inataja haki za binadamu, utawala bora na ushawishi miongoni mwa shughuli halali za NGO. Mpaka huo umegombaniwa kwa miaka. Baraza la Wanawake, BAWATA, lilifutiwa usajili mwaka 1997. HakiElimu, asasi ya mambo ya elimu, ilipigwa marufuku kuchapisha tafiti zake kuhusu shule mwaka 2005.

Lakini tazama na upande wa pili. Rebeca Gyumi wa asasi ya Msichana Initiative alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Hakugombea kiti wala kupandisha bendera ya chama. Nina watoto wa kike wawili, na nitaishukuru asasi ile daima.

"Gharama za ofisi ni wizi"

Watu wanataka kila shilingi iende kwenye kisima. Lakini kisima kinahitaji mtu wa kukifuatilia pampu ikiharibika, na mtu huyo anahitaji mafuta ya pikipiki, vocha, na mahali pa kutunza risiti. Nimeona visima vizuri vikifa kwa kukosa vifaa vidogo tu, kwa kuwa bajeti iliruhusu kuchimba na haikuruhusu kurudi.

Tulianza kubandika matumizi ya mradi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, karatasi moja, kwa kalamu ya wino mzito. Mwanzoni walisoma watoto wa shule tu. Mwezi wa tatu mzee mmoja alisimama mkutanoni akiwa amenakili mstari mmoja kwenye kiganja. Mafuta, lita 40. "Mnakuja mara ngapi?" Nikamwambia kila wiki, kwenda na kurudi mjini siku mbili mfululizo. Akauliza kwa nini mfanyakazi wetu asilale hapohapo usiku wa katikati. Nikasema hatuna pa kulala. Akamgeukia mwenyekiti wa kijiji, wakanong'ona kidogo, na nyumba ya mwalimu aliyehama ikafunguliwa jioni ileile. Mwezi uliofuata niliandika lita 20 kwenye ile karatasi, na mzee alikuja kuusoma mstari huo mwenyewe.