Mtoto anakoroma kila usiku: nyama za pua, bakteria na maswali mawili ya kujiuliza

Swali tunaloulizwa sana kwenye kliniki ya masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam ni hili: "Daktari, mwanangu ameambiwa ana nyama za pua. Zitolewe, au tuendelee na dawa?" Mzazi huwa amebeba bahasha ya eksirei na mfuko wa chupa za dawa zilizotumika nusunusu, kila moja ya duka lake. Kabla ya kujibu, nasi tunauliza mambo mawili yasiyomo ndani ya bahasha: mtoto analalaje, na anasikiaje?

Nyama hizo, ambazo kitaalamu ni adenoidi, ni tezi za kinga. Ziko nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, na kila mtoto anazo. Mzazi anayemulika pua ya mwanawe kwa tochi ya simu akaona kitu chekundu kimevimba hajaona adenoidi. Ameona nyama za ukuta wa ndani wa pua, ambazo huvimba kwa mafua na mzio. Mtoto akiambiwa aseme "aaa", zitaonekana tonsili pembeni na kimeo katikati. Adenoidi zimejificha nyuma, juu zaidi. Daktari huziona kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani au kwa eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu.

Adenoidi huwa kubwa zaidi mtoto akiwa na miaka kama 3 hadi 7, kisha husinyaa zenyewe, na watu wazima wengi hawana hata dalili yake. Wakati huohuo uso wa mtoto unakua na njia ya hewa inapanuka. Sofa linaloziba mlango katika chumba cha kupanga Tandale, likihamishiwa kwenye sebule kubwa, watu wanapita bila kuligusa. Kwa hiyo eksirei inayosema "adenoidi kubwa" kwa mtoto wa miaka minne haitoshi kuamua kitu. Tumeona watoto wenye picha ya kutisha wanaolala vizuri, na wengine picha yao ya wastani lakini usiku wanahangaika.

Sasa bakteria. Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis huishi nyuma ya pua za watoto wengi walio wazima kabisa. Virusi vya mafua vikiingia, utando wa pua huvimba, ute hukwama, na bakteria hao hupata nafasi ya kuzaliana. Baadhi yao hujijengea utando mwembamba juu ya adenoidi na kujificha humo, mahali ambapo antibayotiki hazipenyi vizuri. Ndiyo maana mtoto anapata nafuu kwa wiki moja, dawa ikiisha makamasi yanarudi, mama anarudi dukani kununua nyingine kali zaidi, na mzunguko unaendelea. Dozi hizo za mfululizo hazipunguzi adenoidi. Zinachofanya ni kuwafundisha bakteria usugu, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli dawa ya kawaida haifui dafu.

Makamasi ya kijani pia yamewapotosha wengi. Rangi hiyo hutokana na chembe za kinga za mwili na huonekana hata katika mafua ya virusi. Mtoto mdogo anayeshinda na wenzake kwenye kituo cha kulea watoto anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka bila kuwa na ugonjwa wowote mkubwa. Tunaanza kufikiria bakteria pale makamasi na kikohozi vinapopita siku 10 bila nafuu yoyote, au mtoto alikuwa anapona halafu homa na makamasi vikarudi kwa nguvu, au homa imefika nyuzi 39 na makamasi ni ya usaha kwa siku tatu mfululizo. Hapo antibayotiki ina kazi, mara nyingi ni amoksilini, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto, na inamalizwa kama ilivyoandikwa. Chanjo ya nyumokoka, ambayo Tanzania inaitoa tangu 2013 katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hupunguza maambukizi makali ya mmoja wa bakteria hawa. Kama kadi ya kliniki ya mtoto ina mapengo, mpeleke akamaliziwe.

Kuna jambo moja linalofanana na hili lakini silo. Makamasi yenye harufu mbaya yakitoka tundu moja tu la pua, usifikirie adenoidi. Mara nyingi kuna kitu ndani: shanga, punje ya haragwe, kipande cha sponji ya godoro. Kikiwa ni betri bapa, ile ya saa au ya mdoli unaowaka taa, wahi hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, maana huunguza ukuta wa pua ndani ya saa chache.

Turudi kwenye usingizi. Kukoroma wakati wa mafua si tatizo. Kinachotushtua ni mtoto anayekoroma usiku mwingi wa wiki akiwa hana mafua, anayelala mdomo wazi, anayejikunja shingo kwa nyuma akitafuta hewa, anayetoka jasho jingi, na zaidi ya yote, anayenyamaza ghafla kwa sekunde kadhaa kifua kikihangaika, kisha akashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Mchana mtoto huyo si lazima asinzie. Wengi huwa watukutu, hawatulii darasani, na wengine wanaendelea kukojoa kitandani katika umri ambao wenzao wameacha. Hali ikiachwa miaka, uzito haupandi, meno ya juu husongamana, na moyo upande wa kulia unaweza kuelemewa.

Mrekodi. Chukua simu, mfunue kifua, washa taa hafifu, piga video ya dakika mbili tatu mtoto akiwa katika usingizi mzito, na uje nayo. Video hiyo mara nyingi inatusaidia kuliko eksirei, kwa sababu kliniki saa nne asubuhi mtoto yuko macho, anachezea stetoskopu na kupumua kama kawaida.

Sikio linahusikaje? Kuna bomba jembamba linalopitisha hewa kati ya nyuma ya pua na sikio la kati, na mdomo wake umepakana na adenoidi. Adenoidi zikivimba au zikiwa na maambukizi, bomba huziba, na ute mzito hujaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto haumwi, hana homa, usaha hautoki, ila anasikia kwa mbali. Mwaka 1868 daktari wa Denmark, Wilhelm Meyer, ndiye aliyeonyesha kwamba nyama hizi zinaweza kumfanya mtoto asisikie vizuri, na hadi leo tunakutana na watoto walioitwa wabishi au wazito wa kuelewa kabla hajatokea mtu wa kuwaangalia masikio. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: zima televisheni, simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kwa mara, omba apimwe usikivu. Mara nyingi ute huo hukauka wenyewe ndani ya miezi mitatu, hivyo hatukimbilii kisu. Ila tafadhali, mafuta ya nazi, maziwa ya mama na maji ya kitunguu yasiingizwe sikioni.

Na kimeo kisikatwe. Bado wapo watoto wanaopelekwa kwa wakata vimeo kwa sababu wanakohoa usiku au wanakoroma. Kimeo hakiwazuii watoto hao kupumua, na kukikata hakuzigusi adenoidi. Kinacholetwa na kukikata ni damu isiyokoma, pepopunda na maambukizi ya damu. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ninalolisema bila kumung'unya maneno.

Matibabu huanza kwa mambo madogo. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua husafisha ute. Kwa wenye mzio, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa chini ya usimamizi wa daktari, inaweza kupunguza uvimbe. Matone ya kuzibua pua ni jambo jingine kabisa: yakizidi siku tano pua huziba zaidi, na watoto wadogo hawapaswi kupewa bila ushauri. Moshi wa mkaa, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma ndani ya chumba cha kulala hudhoofisha pua ya mtoto kila usiku. Chandarua hufanya kazi ya ile dawa bila moshi.

Upasuaji tunaushauri usingizi unapokatika kwa kukosa hewa, ute wa sikio unapogoma na usikivu kushuka, au maambukizi yanapojirudia licha ya matibabu sahihi. Mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, nyama hutolewa kupitia mdomoni, hakuna kovu la nje, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kinga ya mwili haibaki wazi, kwani tezi nyingine zinaendelea na kazi. Kwa watoto wadogo sana nyama zinaweza kuota tena, na mzazi aambiwe hilo mapema. Mtoto akiamka na mafua na homa siku ya upasuaji, huenda ukaahirishwa. Wazazi hukasirika, lakini nusu kaputi kwa njia ya hewa iliyovimba ni hatari.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi wa pekee. Tonsili na adenoidi zake huwa na tabia ya kuvimba zaidi, na oksijeni ikishuka usiku chembe zake nyekundu hubadilika umbo na kuziba mishipa. Akikoroma, asisubiri. Daktari wake wa selimundu ahusishwe kabla ya upasuaji, kwa ajili ya damu, maji na oksijeni.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili upate rufaa ya hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Wenye matatizo makubwa hupelekwa Muhimbili. Baada ya upasuaji, harufu mbaya mdomoni na maumivu ya sikio au shingo kwa siku kadhaa ni kawaida. Mpe parasetamo, si aspirini, uji na juisi visiwe vya moto, na apumzike shule kwa wiki moja hivi. Akitema damu mbichi, au ukimwona anamezameza mate usingizini, mwamshe umwangalie koo, na kama kuna damu mrudishe hospitali muda huohuo.