Mto Ndani ya Sinia: Kuwafundisha Watoto wa Dar es Salaam Kuyasoma Mafuriko

Waulize wanafunzi wa darasa la tano katika shule yoyote iliyo jirani na bonde la Mto Msimbazi mafuriko yanatoka wapi, na wengi watanyoosha kidole juu, kwenye mawingu yaliyo juu ya paa la darasa lao. Hawajakosea, ila jibu lao halijakamilika, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe mkoani Pwani, hupita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, hupokea maji ya vijito kama vile vya Ubungo na Sinza, kisha huvuka Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda, baada ya safari ya takribani kilomita 35. Kwa hiyo mkazi wa Jangwani anaweza kuamka jua likiwaka, akaanika nguo zake, na bado mto ukajaa kwa mvua iliyonyesha usiku mahali asipopaona.

Elimu ya mafuriko katika shule zetu imekuwa kwa sehemu kubwa ni elimu ya makatazo: usijenge bondeni, usitupe taka mtaroni. Makatazo hayo yana msingi, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, mtoto wa miaka 11 hakuchagua kiwanja walichojenga wazazi wake, na somo linaloishia kwenye katazo humwachia aibu mbele ya wenzake bila kumpa ujuzi wowote wa kumsaidia maji yanapokuja. Tunachokipendekeza sisi wataalamu wa rasilimali za maji ni kumfundisha mtoto kuyapima maji kwa mikono yake, ili aelewe yanatoka wapi, yanakuja kwa kasi gani na yatafika lini.

Zoezi la kuanzia linahitaji sinia pana la bati, mchanga, kipande cha tofali na kopo lililotobolewa matundu madogo chini. Mchanga husambazwa ndani ya sinia, upande mmoja huinuliwa kwa tofali, na wanafunzi huchora mto kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kila mmoja hupewa kifuniko cha soda, hicho ndicho nyumba yake, na huachwa akiweke anapotaka. Mwalimu asiwaelekeze hapo. Katika darasa moja nililolitembelea, msichana mmoja aliweka nyumba yake kwenye ukingo kabisa, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba hapo maji ya kufulia yako karibu na uwanja wake ni tambarare. Ukweli ni kwamba hizo ni miongoni mwa sababu zilizowapeleka watu wazima mabondeni, pamoja na bei ya viwanja na ukaribu wa mjini, na mjadala wa darasa hunoga zaidi ukianzia kwenye sababu hizo kuliko kwenye lawama.

Kisha kopo hujazwa maji na mvua hunyeshewa sehemu ya juu ya sinia. Mara ya kwanza mchanga hunywa maji mengi, na mto huchelewa kujaa. Mara ya pili sehemu ile ya juu hufunikwa kwa nailoni, ambayo husimama badala ya mabati, lami na viwanja vilivyosakafiwa, halafu kiasi kilekile cha maji humwagwa tena huku mwanafunzi mmoja akihesabu sekunde hadi nyumba ya kwanza isogezwe. Tofauti huonekana bila maelezo. Mara ya tatu sponji huwekwa karibu na mwisho wa mto, mahali pa ardhi oevu na mikoko ya mlangoni mwa bahari, na mara ya nne kipande cha bomba kinachosimama badala ya karavati huzibwa kwa karatasi iliyokunjwa. Ushauri wangu ni kwamba zoezi hili lipewe vipindi viwili badala ya kimoja, kwa sababu watoto hutaka kurudia, na katika kurudia ndipo huanza kuhamisha vifuniko vyao wenyewe.

Baada ya sinia, darasa liwe na kipimamvua. Chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka hukatwa juu, kipande cha juu hupinduliwa na kuwa faneli, chini huwekwa kokoto kwa ajili ya uzito, na maji humiminwa hadi pale mzunguko wa chupa unapokuwa sawa. Mstari huo ndio sifuri, na kutoka hapo rula hubandikwa. Kipimo husomwa saa 3 asubuhi kila siku, saa ambayo vituo vya mvua nchini husoma vyao. Kosa linalojirudia ni mahali pa kukiweka. Niliwahi kukipanga kipimamvua chini ya mwarobaini kwa kuwa kulikuwa na kivuli kizuri cha kusimamia darasa, nikashangaa wiki nzima kuona takwimu ndogo kuliko za shule ya jirani, mpaka mwanafunzi alipoinua macho na kuniuliza kama majani hayo nayo hayanywi mvua. Kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na kuta.

Namba ya milimita haina maana kwa mtoto mpaka igeuzwe kuwa mzigo anaoujua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 7 lina eneo la mita za mraba 56, na mvua ya milimita 50 juu yake hutoa lita 2,800, yaani ndoo 140 za lita 20. Mtoto anayebeba ndoo kutoka bombani kila jioni huielewa hesabu hiyo mabegani kabla hajaielewa kwenye daftari. Mwalimu akimwambia azidishe kwa mapaa 200 ya mtaa wake, atapata lita 560,000 zinazotafuta njia ya kushuka. Milimita 50 haikuchaguliwa kwa bahati: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huihesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hapo ndipo pa kuwafundisha watoto ngazi za taarifa za mamlaka hiyo, kwamba angalizo hutolewa kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu, ili wazisikiapo redioni wajue zinatofautiana.

Kasi hupimwa kwa chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama sehemu kubwa, hivyo upepo haulisukumi ovyo kama kifuniko. Mita 10 za mtaro wa shule hupimwa, chungwa hudondoshwa, na sekunde huhesabiwa. Likitumia sekunde 8, kasi ni mita 1.25 kwa sekunde. Wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kujiuliza maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yatatumia muda gani kwa kilomita 35, na watapata karibu saa 10; kwa mita 2, karibu saa 5. Hesabu hiyo si utabiri, kwa kuwa vijito na mitaro ya karibu huleta maji mapema zaidi, lakini humfundisha mtoto kwamba kati ya mvua ya mbali na mafuriko ya nyumbani kuna muda, na muda huo una kazi.

Vipimo hivi vyote vifanyike ndani ya eneo la shule, na kazi ya chungwa ifanywe kwa maji ya kumwaga wakati wa ukame. Hakuna sababu ya kielimu inayotosha kumpeleka mtoto kwenye ukingo wa Msimbazi wakati wa masika. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, mifuniko ya chemba huwa imefunguka chini yake bila kuonekana, na wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo, jambo linaloyafanya maji hayo kuwa njia ya kipindupindu.

Kazi inayofaa nje ya shule ni kuuliza. Wanafunzi wapeleke swali moja kwa babu, bibi na mjumbe wa shina: maji yalifika wapi? Wengi watataja mvua za El Niño za 1997 na 1998, na wengi zaidi Desemba 2011, mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Alama ya tope ukutani hupimwa kwa rula na kulinganishwa na kimo cha mtoto mwenyewe. Majibu huchorwa kwenye ramani ya mtaa, na juu yake kila mwanafunzi huchora njia yake ya kurudi nyumbani pamoja na njia ya pili isiyovuka mtaro wala mto. Asiye na njia ya pili aandikwe kwenye daftari la mwalimu wa zamu, na mzazi wake aitwe ili wakubaliane mapema nani atabaki naye shuleni siku mto utakapofunga njia.

Shule zinazotaka kuanza zianze Septemba, kabla ya vuli. Kwa wiki kadhaa kipimamvua kitasoma sifuri, na sifuri hizo nazo ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa getini kila siku saa 3, ili mvua ya kwanza itakapokuja wazazi wawe wameshazoea kusimama pale na kusoma.