Umeme mdogo nyumbani: shida iko kwenye nguzo au ndani ya ukuta?

Tunaposema nyumba ina umeme mdogo, maana yake volti zinazofika kwenye soketi ni chache kuliko zile ambazo vifaa vimetengenezewa. Kwa Tanzania, nyumba yenye fezi moja (waya mmoja wenye umeme kutoka nguzoni) inatakiwa kupata volti 230. Zikipanda au kushuka kidogo si tatizo. Zikiwa 190 au 180, kuna kitu cha kutafuta.

Usingoje taa zikuambie. Balbu nyingi za LED, chaja za simu na televisheni za siku hizi huvumilia volti chache bila kuonyesha dalili yoyote. Birika na pasi huchelewa tu: birika la wati 2,000 likipata volti 180 hutoa kama wati 1,225. Vinavyoumia ni vile vyenye mota. Friji ikinguruma sekunde chache, ikalia "tak" na kunyamaza, kisha ikarudia hivyo hivyo baada ya muda, huenda kompresa imeshindwa kuanza kwa sababu ya volti chache. Ikiachwa hivyo itapata joto mpaka iungue. Ichomoe kwanza, ndipo utafute chanzo.

Kipimo ni multimita, iwekwe kwenye volti za AC. Zima vitu vyote vikubwa, pima kwenye soketi. Waya haupotezi volti kama hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo namba ikiwa ndogo hapo, upungufu unatoka nje: transfoma imezidiwa, au nyumba iko mwisho kabisa wa laini. Pima tena saa mbili usiku, watu wengi wanapopika na kupiga pasi, na uulize majirani.

Namba ikiwa nzuri, washa birika kwenye soketi nyingine iliyo karibu, chumba hicho hicho, na upime tena. Kutoka 228 kwenda 224 ni sawa. Kutoka 228 kwenda 195 si sawa hata kidogo. Rudia vyumba vingine. Ikishuka chumba kimoja tu, kosa liko kwenye waya au soketi za chumba hicho. Ikishuka kila mahali, liko kwenye swichi kuu, kwenye mita, au kwenye waya unaotoka nguzoni. Hapo ni kazi ya fundi mwenye leseni na TANESCO. Usifungue mita.

Hizo volti 33 zilizopungua, kutoka 228 kwenda 195, hazikuyeyuka. Birika linavuta ampea 7 hivi, na 33 mara 7 ni zaidi ya wati 200 za joto. Kama waya ni mrefu na mwembamba, joto hilo linasambaa njia nzima. Lakini kama ni skurubu iliyolegea au kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, joto lote linakaa sehemu moja ndogo ndani ya ukuta. Plastiki ya soketi kubadilika rangi, au harufu ya kuungua, ni sababu ya kuzima sakiti hiyo leo hii.

Hali moja haitaki vipimo zaidi: taa zako zinafifia huku za jirani, au za chumba kingine kwenye nyumba ya fezi tatu, zinawaka kupita kiasi. Hiyo ni dalili ya nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, iliyolegea au kukatika. Volti zinaweza kupanda mno upande mmoja na kuunguza kila kilichochomekwa. Zima swichi kuu, piga simu TANESCO.

Wengi hukimbilia stebilaiza, kifaa cha kurekebisha volti. Inasaidia pale volti zinapokuwa chache tangu kwenye nguzo. Kwenye kiungo kibovu inaongeza hatari, maana ili itoe 230 kutoka 180 lazima ivute ampea nyingi zaidi kupitia kiungo kilekile.