Nambari ya simu imeyeyukia wapi? Maswali na majibu kuhusu kumbukumbu ya muda mfupi

Maswali haya niliulizwa Jumamosi moja na chama cha akina mama huko Umoja, Nairobi, pamoja na waume wachache waliojipenyeza kwa sababu ya chai. Nilikuwa nimealikwa kuzungumzia shinikizo la damu. Dakika kumi hazijaisha, mmoja akauliza kuhusu kusahau, na shinikizo la damu likaishia hapo. Mimi ni afisa wa kliniki, ila mtaani kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, kwa hiyo maswali nimeyaacha yalivyoulizwa.

Daktari, mtu akinitajia nambari ya simu, kabla sijatoa simu mkobani imeshatoweka. Nimeanza kuzeeka?

Muulizaji ana miaka 34, na hajaanza. Nambari ya simu ya Kenya ina tarakimu kumi, na kichwa cha mwanadamu hakikuumbiwa kushika tarakimu kumi kwa mkupuo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba watu wengi humudu vitu saba hivi, ukiongeza au kupunguza viwili. Mwenzake Nelson Cowan alilirudia suala hilo mwaka 2001, akasema ukimzuia mtu asijirudierudie wala asipange vitu kwa mafungu, uwezo halisi ni kama vinne tu.

Neno muhimu hapo ni mafungu. Jaribu kushika hizi: 1, 9, 6, 3, 2, 0, 1, 0. Tarakimu nane, tayari nyingi. Sasa zisome tena kama mwaka wa uhuru na mwaka wa katiba mpya. Zimekuwa vitu viwili, na hata kesho utazikumbuka. Nafasi ni ileile, ila kila fungu limebeba mzigo zaidi. Ndiyo maana anayetaja nambari yake kwa vipande, sufuri saba kumi na mbili, kisha tatu, kisha tatu, anakusaidia kuliko anayeimwaga yote kama mahindi kutoka guniani.

Hukaa kwa muda gani kabla ya kupotea?

Sekunde chache, usipojirudia. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na mkewe Margaret waliwapa watu konsonanti tatu wazishike, kisha wakawaambia wahesabu kwa kurudi nyuma, tatu tatu, ili wasipate nafasi ya kujinong'oneza. Baada ya sekunde 18 karibu zote zilikuwa zimepotea. Herufi tatu tu! Wataalamu hadi leo wanabishana kama kinachotokea ni kufifia kwenyewe au ni kusukumwa nje na mambo mengine yanayoingia. Wewe uliyesoma nambari ya siri ya tarakimu sita kwenye ujumbe wa benki, na kabla hujaiandika mtoto akakuuliza chakula kiko wapi, unajua kwamba kwa vyovyote vile imekwenda.

Nimesikia pia kumbukumbu tendaji. Ni kitu kimoja?

Zinakaribiana. Kumbukumbu ya muda mfupi ni kushika. Kumbukumbu tendaji ni kushika huku unakifanyia kazi ulichokishika.

Ukipanda matatu ya kwenda mjini asubuhi, mwangalie kondakta. Nauli, tuseme, ni 80. Aliye kiti cha nyuma ametoa 200 ya watu wawili, anadai 40. Mama wa dirishani ametoa 500, chenji yake ya 420 itasubiri noti nyingine zipatikane. Kijana wa mlangoni amelipa kwa simu, anadai ameshatuma. Noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na wakati huohuo kondakta anagonga bodi kumwashiria dereva asimame, anaita abiria, na anakumbuka nani alisema anashukia wapi. Hana karatasi. Anashika, anatoa, anajumlisha, anafuta, anashika upya. Hiyo ndiyo kumbukumbu tendaji, na sijaona chumba cha maabara kinachoipima vizuri zaidi. (Akikusahaulia chenji ya 420, hilo ni suala jingine.)

Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walipendekeza kwamba kazi hii hufanywa na sehemu zinazosaidiana: kitanzi cha sauti kinachorudiarudia maneno na nambari kimyakimya, ubao wa picha unaoshika sura na mahali pa vitu, na msimamizi anayeamua tuangalie nini na tupuuze nini. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza ghala dogo linalounganisha vipande hivyo na yale tuyajuayo tangu zamani. Kwenye ubongo wenyewe, kazi kubwa hufanyika sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ikishirikiana na sehemu za juu kuelekea kisogoni.

Mbona nambari nikitajiwa kwa Kiingereza naishika, kwa Kiswahili inanipotea?

Swali hili liliulizwa kwa aibu, watu wakacheka, lakini kwangu lilikuwa bora kuliko yote.

Kitanzi cha sauti ni kifupi. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kwamba watu hukumbuka maneno mafupi mengi kuliko maneno marefu, na kwa makadirio yao tunashika kiasi tunachoweza kukitamka kwa sekunde mbili hivi. Sasa hesabu silabi. Moja, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina mbili. Mbili nayo ina mbili, mbi-li, na sufuri tatu. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba pekee yenye silabi mbili; nyingine zote ni silabi moja moja. Kitanzi kilekile, mzigo mrefu zaidi.

Jambo hili limechunguzwa Wales, ambako watu wengi huzungumza lugha mbili. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly waligundua kwamba walioongea Kiwelshi na Kiingereza walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, kwa sababu majina ya tarakimu huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka. Akili zao hazikuwa na kasoro. Upande wa pili wako Wachina, ambao tarakimu zao ni fupi sana na hupata alama za juu katika kipimo hiki.

Kwa hiyo Mnairobi anayeongea Kiswahili siku nzima lakini nambari ya simu anaitaja kwa Kiingereza hajidai. Anapunguza mzigo bila kujua. Ukitaka kukiona kitanzi kikifanya kazi, mwambie mwenzako akusomee tarakimu sita huku wewe unasema "la-la-la" bila kukoma. Utashangaa zinavyokupotea, kwa maana ulimi wa ndani umenyang'anywa nafasi. Muziki wenye maneno kwenye matatu hufanya jambo linalofanana na hilo.

Hospitalini hupimwaje?

Kipimo cha zamani zaidi ni cha tarakimu. Joseph Jacobs alikitumia kwa wanafunzi wa London mwaka 1887, na bado tunakitumia. Mpimaji husoma tarakimu moja kwa sekunde, bila kupandisha wala kushusha sauti, nawe unazirudia. Ukifaulu, anaongeza moja. Kisha unaombwa uzirudie kinyumenyume: akisema 4, 9, 2 wewe unasema 2, 9, 4. Hapo mtu hukunja uso, maana sasa anashika na kugeuza kwa pamoja. Ni kawaida kinyumenyume kuwa pungufu.

Kwa upande wa picha kuna vipande tisa vya mbao vilivyobandikwa ubaoni: mpimaji anavigusa kwa mpangilio fulani, nawe unafuata. Kinaitwa kipimo cha Corsi. Wazee hupewa pia vipimo vifupi vinavyopima mambo mengi, kwa mfano kile kiitwacho MoCA cha alama 30, chenye maneno matano ya kushika na kuyataja tena baada ya dakika tano hivi. Maneno yenyewe sitayataja hapa, msije mkayakariri.

Mwanangu yuko gredi ya pili. Nikimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja. Ni ukaidi?

Huenda umemjaza kupita kiasi. Mtoto wa miaka mitano humudu tarakimu nne hivi, na uwezo huongezeka taratibu hadi ujanani. Mtume kwa maneno machache, mwambie ayarudie kabla hajatoka mlangoni. Kama mwalimu naye analalamika kwamba hafuati maagizo, anza kwa kumpima masikio.

Ni nini huiharibu?

Usingizi ndio wa kwanza. Anayeamka saa kumi usiku ili awahi kazini Industrial Area na kulala saa sita hana haja ya kutafuta ugonjwa mwingine kabla ya huo. Mawazo ya kodi na karo nayo hukalia nafasi ileile ambayo ungeweka nambari. Msongo wa mawazo na sonona huja mara nyingi kliniki kwa jina la "nimekuwa msahaulifu". Kisha pombe, upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, upungufu wa vitamini B12, sukari kushuka kwa mwenye kisukari, Virusi vya Ukimwi visipotibiwa, na baadhi ya dawa: za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazosinziza. Mengi kati ya haya hutibika, kwa hiyo njoo na dawa zako zote mfukoni, pamoja na zile za kienyeji.

Mtu akichanganyikiwa ghafla, iwe ni leo asubuhi au jana usiku, hiyo haingoji kliniki ya Jumatatu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, huenda ni kiharusi. Kimbilieni hospitali saa hiyohiyo. Mzee anayeanza kuweweseka kwa siku moja mbili huenda ana maambukizi, kama ya mkojo au mapafu.

Na zile dawa za kuongeza ubongo zinazouzwa ndani ya basi?

Weka pesa yako. Michezo ya simu ya kunoa akili nayo hukufanya hodari wa mchezo huohuo, na faida haivuki mbali kwenda kwenye maisha.

Baba anasimulia mambo ya 1969 kama ya jana, lakini hakumbuki kama amekunywa chai. Amepoteza kumbukumbu ya muda mfupi?

Watu wengi husema hivyo, na hapa niliwachosha kidogo. Mwaka 1953 kijana wa Marekani, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo) pande zote mbili. Tangu hapo, hadi alipofariki 2008, karibu hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Ungezungumza naye, ukatoka, ukarudi, akakusalimu kama mgeni. Lakini ukimpa kipimo cha tarakimu alizirudia kama mtu wa kawaida.

Kwa hiyo chai ya saa nne, ikiwa sasa ni saa saba, si kumbukumbu ya muda mfupi kwa maana ya wataalamu. Ile ilikwisha ndani ya dakika. Kinachomshinda baba ni kupitisha tukio jipya kwenda kwenye hifadhi ya kudumu, na mlango huo, hipokampasi na sehemu za jirani yake, ndiko ugonjwa wa Alzheimer huanzia mara nyingi. Mleteni apimwe. Aje na mtu anayeishi naye, kwa sababu yeye mwenyewe atasema hana shida.

Mama yangu aliambiwa atoe saba kutoka mia, kisha saba tena, na tena. Alikwama 93. Wakaandika ana upungufu. Kweli?

Anafanya kazi gani? Anauza mboga Muthurwa. Alisoma hadi darasa la ngapi? La tatu.

Kipimo hicho huchanganya kumbukumbu na hesabu ya darasani. MoCA yenyewe huongeza alama moja kwa aliyesoma miaka 12 au chini yake, na kwa mtu wa darasa la tatu alama moja ni kidogo. Nilimwambia binti aende sokoni asimame pembeni ya mama yake: sukuma ya 30, nyanya za 50, dania ya 10, mteja ametoa 200 huku mwingine anavuta bei ya vitunguu. Chenji ikitoka 110 bila kusita, na iwe hivyo kwa mteja baada ya mteja, arudi aniambie. Ikianza kukosewa, au mama akidai pesa aliyokwisha kupewa, arudi upesi zaidi. Na kwa vyovyote amuulize aliyempima alitumia lugha gani.