Kwa nini aliyeacha unga (heroini) hushikwa na arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, akipita maskani yake ya zamani?

Kijana amemaliza miezi kadhaa soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, Unguja. Amenawiri, analala usiku kucha, mwili umeshasafika. Anarudi mtaani, anapita kwenye uchochoro aliokuwa akivutia, mara jasho linamtoka, tumbo linamsokota, miayo haikatiki. Na hajagusa kete hata moja. Nyumbani watasema hakudhamiria kuacha. Saikolojia ina jibu la haki zaidi.

Mtajie mtu embe bichi lenye chumvi na pilipili, mate yatamjaa kabla hajaliona. Jambo hilo mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov alilichunguza kwa mbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa heroini ni zito zaidi, maana mwili hujifunza kujihami. Heroini hupunguza pumzi na kufunga tumbo. Mwili uliozoea kuipata mahali fulani huanza mapema kujiandaa kwa kufanya kinyume chake. Dawa isipokuja, kule kujihami hubaki peke yake, nako huonekana kama arosto.

Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake, nchini Kanada, walichapisha jaribio la panya waliozoeshwa heroini kisha wakapewa dozi kubwa. Waliodungwa katika chumba walichozoea kupatia dawa, walikufa kama 32 katika kila 100. Waliodungwa katika chumba kigeni, 64. Dozi ileile! Chumba kigeni hakikuuamsha mwili kujihami. Namhofia sana pia aliyetoka kwenye matibabu akateleza: mwili umeshasahau kuhimili, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumkata pumzi.

Mahali panaweza pia kumwokoa mtu. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu kule. Katika hao, waliorudia uraibu mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa takriban 5 tu kwa 100. Vijiwe vyao vilibaki ng'ambo ya bahari.

Kijana wetu anarudi palepale alipoanzia, tena mara nyingi tumempangia siku ya kuacha tu, ya kurudi hatukuipanga. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini ambayo hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitolewa tangu 2011, kwa kawaida mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu na humtulizia arosto. Lakini uchochoro bado upo. Kama kuna shangazi shamba anayeweza kumpokea miezi ya mwanzo, aende. Kama hakuna, kaeni naye mchore njia nyingine ya kwenda kazini, mfute namba za wauzaji, mkubaliane nani atamshikia mshahara, kwa sababu noti mkononi nazo huamsha hamu. Na awe na mtu wa kumpigia saa yoyote. Hamu kali hupanda kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na nusu saa hiyo asiachwe peke yake.