Mayai ya kenge yakitoka kichuguuni

Hapa Lubumbashi kiangazi ni msimu wa kufyatua matofali, na udongo wa kichuguu ndio unaopendwa. Kwa hiyo watu huniletea mimi, daktari wa wanyama, ndoo za mayai meupe, laini kama ngozi, urefu wake sentimita 6 hivi. Ni ya kenge wa majini. Jike huchimba kichuguu chenye mchwa hai, hutaga mayai 12 hadi 60, kisha huenda zake. Mchwa huziba tundu, na humo ndani hamna baridi wala ukavu hata usiku wa Julai unapotetemesha watu.

Nikipigiwa simu mapema, naomba kitu kimoja tu: kabla hujaliinua yai, weka alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ubaki juu mpaka lianguliwe. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, ndiyo maana wengi hudhani kugeuza ni kulea. Kwa kenge, kobe au mamba, kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani ya yai, hujishikiza upande wa juu wa ganda mapema sana, na ukiligeuza yai unaweza kukiua. Mashine ya vifaranga vya kuku pia haifai, maana inageuza, tena ina nyuzi 37 na zaidi. Kenge anataka 28 hadi 30.

Mimi hutumia boksi la foamu, na udongo uleule wa kichuguu uliochekechwa. Ukiufinya mkononi ushikamane, lakini maji yasichuruzike. Yai likianza kubonyea, udongo umekauka: nyunyiza maji pembeni, si juu ya yai. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinatosha. Kupoa kidogo hakunitishi kama joto kupita kiasi.

Kwa kobe na mamba, joto la mayai ndilo huamua nani awe jike na nani dume. Kwa kenge halina kauli. Jinsia yake hurithiwa.

Baada ya miezi mitano hivi, pengine zaidi, ganda huchanika na pua hutokeza. Hapo ndipo mikono ya watu huwasha. Mwache! Anaweza kupumzika siku nzima kichwa kikiwa nje, huku akimalizia kufyonza kiini kilichobaki tumboni. Ukimvuta, unakichana kifuko cha kiini hicho, na wengi hufa.

Akitoka, mlaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu mpaka kitovu kifunge. Siku za mwanzo huenda asile, asilazimishwe. Baadaye mpe panzi, nyenje, minyoo ya ardhini, na kumbikumbi mvua zikianza. Mpe beseni la maji mafupi na jua halisi, maana kioo cha dirisha huzuia mionzi inayojenga mifupa. Awe pia na kivuli cha kukimbilia.

Ukimgusa, nawa kwa sabuni. Hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, na watoto wadogo wasimshike kabisa.